Kipima mwendo kinapoota mwani

Mashua ya tanga ikikaa kwenye boya wiki tatu ndani ya hori la Mtwapa au la Kilifi, siku ya kutoka linganisha namba mbili kabla hujafika kwenye mlango wa mwamba: mwendo wa GPS na mwendo wa kile kipima mwendo kilicho majini. Ukiwa bado ndani ya hori, maji yamejaa na kusimama, namba hizo zinatakiwa zikaribiane. GPS ikionyesha noti 5.5 (noti ni maili moja ya bahari kwa saa) na kipima mwendo kinaonyesha 3.9, usitafute mkondo wa kuieleza tofauti hiyo. Kuna kitu kimeota chini.

Wengi hapo huizima skrini ya kipima mwendo na kwenda na GPS peke yake. Kwa safari ya kuzunguka ghuba haidhuru. Kwa safari ya kutoka Tanga kwenda Pemba, au ya kupanda kutoka Unguja hadi Mombasa, ni hasara. GPS inakwambia unavyokwenda juu ya ardhi. Kipima mwendo kinakwambia unavyoyakata maji. Tofauti ya hizo mbili ndiyo mkondo, na kwenye pwani yetu mkondo unasukuma kuelekea kaskazini mwaka mzima kuanzia kusini mwa Tanzania mpaka Kenya ya kusini, ukiongezeka nguvu wakati wa kusi, upepo wa kusini. Kipima mwendo kinachosoma pungufu kwa noti moja na nusu kitakuonyesha mkondo wa noti moja na nusu usiokuwepo, nawe utapanga saa ya kufika kwa mkondo wa kwenye karatasi.

Hesabu ya upepo nayo huharibika. Kifaa cha upepo kilicho juu ya mlingoti kinapima upepo unaousikia usoni ukiwa safarini, na mashine hutoa humo mwendo wa mashua ili ipate upepo halisi. Chukua upepo wa usoni wa noti 16 kutoka nyuzi 30, mashua ikienda noti 6. Upepo halisi ni noti 11 hivi kutoka nyuzi 45. Kipima mwendo kikisoma 4 badala ya 6, mashine itakwambia karibu noti 13 kutoka nyuzi 39. Kigurudumu cha kipima mwendo, kile kinachozungushwa na maji, kikikwama kabisa, itakurudishia zile zile 16 na 30. Nahodha anayebisha, yaani anayepanda kukabili upepo, kwa kufuata namba hizo atapunguza tanga bila sababu, au atamlaumu fundi wa matanga. Na usukani wa kujiendesha ukiwekwa ufuate upepo halisi, utafuata uongo huo huo usiku kucha.

Kwa nini kitu kidogo namna hiyo kishindwe haraka kuliko sehemu nyingine zote za chini ya mashua? Kitoe ukiangalie. Kwenye mashua nyingi kuna tundu la milimita 51 lililotobolewa kwenye tumbo, mbele ya mkuku (uti wa chini wa mashua), na ndani yake imekazwa ala ya plastiki, bronzi au stenlesi. Kiini cha sensa, yaani kile kifaa kinachohisi mwendo, kinatumbukizwa ndani ya ala hiyo kutoka upande wa ngamani, chini kabisa ndani ya mashua, kikizuia maji kwa oringi zake, zile pete za mpira. Kwenye ncha ya kiini, upande wa majini, kuna kigurudumu chenye mapezi kilichopachikwa kwenye kijishimo, nusu kimejificha na nusu kinachungulia nje. Mapezi yana sumaku. Kila sumaku inapopita mbele ya sensa hutoa mpigo mmoja wa umeme. Sensa nyingi zilizotengenezwa na Airmar, ambazo huuzwa pia kwa majina ya kampuni nyingine za vifaa vya baharini, hutoa takribani mipigo 20,000 kwa kila maili ya bahari. Kwa noti moja, hiyo ni mipigo mitano na nusu kwa sekunde.

Sasa nguvu inayokizungusha. Mashua ikienda noti 2, maji yanasukuma sentimita moja ya mraba ya pezi kwa nguvu sawa na uzito wa gramu 5 hivi. Ni uzito wa kijiko cha chai cha sukari, basi. Kwa noti 6 nguvu hiyo huongezeka mara tisa, maana inakwenda kwa mraba wa mwendo. Ndiyo sababu kigurudumu chenye uchafu mdogo husoma vizuri tu mashua ikikimbia, halafu hubaki sifuri ukiwa unasogea taratibu kuelekea kwenye boya. Ukiona kipima mwendo kinaamka kwenye noti 2 au 3 badala ya nusu noti, usisubiri dalili nyingine.

Kinachoanza ni ute. Ndani ya siku moja au mbili kitu chochote kilichozama hufunikwa na utando wa bakteria na mwani usioonekana kwa jicho, unaouhisi kwa kidole kama sabuni. Ute peke yake unatosha kupunguza usomaji. Baadaye zinakuja nywele za mwani, za kijani au kahawia, zinazojisokota kwenye ekseli. Halafu watoto wa vile vikombe vigumu vyeupe vinavyokata miguu ya wavuvi kwenye nguzo za gati. Hao huogelea wakitafuta mahali pa kukaa maisha yao yote, na kijishimo cha kigurudumu kina kila wanachokitaka: kivuli, maji yasiyokwenda kasi na kona za kujibana. Hapo hapo minyoo wa baharini hujenga vijimirija vyeupe vya chokaa, na kwa uzoefu wetu hivyo vijimirija ndivyo vibaya kuliko vyote, kwa sababu hujengwa kwenye ule mwanya kati ya kigurudumu na ukuta wake. Kimoja chenye unene wa uzi kinatosha kukifunga kigurudumu. Usishangae pia kumkuta kaa wa ukubwa wa punje ya mchele ameshahamia.

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na sensa hizi viliandikwa na watu wa bahari ya baridi, ambako mashua hutolewa majini kila msimu wa baridi na uoto karibu usimame. Maji yetu hayashuki sana chini ya nyuzi 25 za Selsiasi hata mwezi Agosti, na kufikia Machi na Aprili yanakaribia 30. Hakuna msimu wa kupumzika. Hata hivyo vitabu hivyo vina sentensi moja ambayo watu huiruka: chombo kikikaa kwenye maji ya chumvi zaidi ya wiki moja bila kutumika, toa sensa, weka kizibo. Kazi yote imo humo. Rangi, mafuta na dawa nyingine zote zinakununulia siku. Kizibo ndicho kinachozuia. Kwenye maji ya hori sisi hatungoji wiki. Kama mashua haitatoka kwa siku tatu, kizibo kinaingia.

Watu hawafanyi hivyo kwa sababu wanaogopa maji, na woga huo una msingi. Tundu la milimita 51 lililo nusu mita chini ya maji, likiachwa wazi kabisa, huingiza kama lita 4 kwa sekunde. Sekunde kumi ni ndoo mbili za lita 20. Lakini kubadilisha sensa na kizibo kwa mkono uliozoea ni kazi ya sekunde moja au mbili, na kiganja kikiwahi kuziba, kinachoingia ni bakuli moja au mawili. Ala nyingi za kisasa zina kipepeo ndani kinachojifunga kiini kikitoka. Kinapunguza maji, hakiyazibi. Usikitegemee ukaacha ala bila kitu ndani. Na kipepeo nacho huota. Kikombe kimoja kwenye ukingo wake kinatosha kukiacha wazi.

Fanya hivi. Mashua iwe imesimama kwenye boya au nanga, si safarini na si kwenye mawimbi, maana kila wimbi linaongeza kimo cha maji juu ya tundu. Fungua mbao za sakafu, futa na kausha eneo lote la kuzunguka ala ili baadaye ujue tone jipya limetoka wapi. Hakikisha pampu ya ngama inafanya kazi kwa kuiwasha, si kwa kukumbuka kwamba jana ilifanya kazi. Kagua oringi za kizibo, zipitishe kwenye ncha za vidole ukitafuta mkato au chembe ya mchanga, kisha zipake mafuta ya silikoni au vaselini ya kawaida ya dukani. Safu nyembamba tu; ukijaza, ziada yake hukusanya mchanga. Kizibo kikae mkono wa kushoto, ncha ikitazama chini, tayari. Sponji na ndoo karibu. Mtu wa pili asiwepo kichwani mwako akiuliza maswali.

Toa waya wa usalama. Fungua kofia ya ala kwa mkono, taratibu, mpaka ushikilie kiini kwa kishikio chake. Zungusha kushoto na kulia kidogo huku ukivuta juu. Usivute waya wa umeme hata siku moja. Ukitenguka ndani, maji yanapanda kwenye waya na sensa imekwisha. Kiini kikikaribia kutoka utahisi maji yanakisukuma. Kitoe, kiganja juu ya tundu, kizibo ndani, sukuma hadi chini, kaza kofia kwa nguvu ya mkono tu. Koleo hapana: kofia ya plastiki iliyokazwa kwa koleo hupasuka, na hupasuka ukiwa umeshaondoka. Rudisha waya wa usalama, kwa sababu ndio unaozuia kizibo kisipande kofia ikilegea. Fyonza maji kwa sponji, kausha, halafu baada ya dakika kumi pitisha karatasi kavu ya chooni kuzunguka shingo ya ala. Karatasi itaonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi. Rudia baada ya saa moja.

Kiini kikigoma kutoka, acha kulazimisha. Karibu kila mara kuna vikombe vimeota kwenye kuta za ala chini ya oringi, navyo vinakikamata kama meno. Mtu ajitose chini na kijiti cha mbao au cha plastiki akwangue mdomo wa ala kwa ndani, huku mwenzake aliye juu akikizungusha kiini. Bisibisi isiingie humo. Mkwaruzo mmoja mrefu kwenye ukuta wa ala ni njia ya maji kupita pembeni mwa oringi, na hiyo haitibiki kwa vaselini.

Kuna kasoro moja ya kizibo ambayo wauzaji hawaitaji. Sensa za siku hizi nyingi zimeunganisha mwendo, kina na joto ndani ya kiini kimoja. Ukikitoa, umetoa na kipima kina. Kwenye boya la kudumu haina shida. Ukiwa umetia nanga mahali usipopajua, bamvua inapwa na nyuma yako kuna fungu la matumbawe, kengele ya kina ndiyo unayoitaka usiku. Hapo iache sensa majini, siku mbili tatu hazitaiua, na asubuhi tia mashua mwendo kidogo kigurudumu kizunguke. Anayejenga mashua au kubadilisha vifaa vyote leo, ushauri wetu ni kutoboa matundu mawili, moja la kina na moja la mwendo. Gharama ya tundu la pili utaisahau. Usumbufu wa tundu moja utakufuata miaka yote.

Kusafisha ni rahisi kama hujachelewa. Tumbukiza ncha ya sensa kwenye maji baridi ya bomba usiku mzima. Viumbe vya chumvi hufa kwenye maji yasiyo na chumvi, na ute hulegea. Asubuhi tumia mswaki wa zamani na sabuni ya vyombo, kisha ile sponji ya kijani ya jikoni kwa upole. Kwa chokaa iliyobaki, siki ya kawaida nusu saa, au ndimu iliyokamuliwa kama siki imeisha. Asidi hiyo dhaifu inakula chokaa ya vikombe bila kugusa plastiki. Asidi ya kusafishia choo haina kazi hapa. Uso ulioharibika sana unaweza kupitishwa msasa laini wa maji, ukiwa umelowa, kwa mkono mwepesi. Asetoni, thina na petroli ziwekwe mbali kabisa: zinaila plastiki, na uso wa kipima kina ukishapata nyufa za nywele hausomi tena sawasawa.

Kigurudumu chenyewe kitolewe nje, usiridhike kwa kupiga mswaki juu juu. Kwanza kipige picha kwa simu, kwa maana mapezi yana upande, na kigurudumu kilichorudishwa kinyume kitazunguka lakini kitasoma vibaya. Kisha chukua msumari mwembamba, utie tupa ncha yake mpaka iwe bapa, na usukume ekseli itoke upande wa pili. Ncha kali inatanua tundu. Futa ekseli, pitisha kijiti cha meno kwenye tundu la kigurudumu, kagua kama tundu hilo limeshakuwa yai badala ya duara. Likiwa yai, kigurudumu kinayumba na kugusa ukuta, na hakuna usafi utakaokiponya, weka kipya. Kigurudumu, ekseli na oringi huuzwa pamoja kama kifurushi kidogo kwa namba ya sensa yako. Kuwa na vifurushi viwili chomboni, kwa sababu duka lenye namba hiyo halipo Tanga wala Lamu.

Ukishamaliza, kabla hujarudisha, washa vifaa na kipige kigurudumu kwa kidole. Kinatakiwa kizunguke kwa pumzi ya mdomo tu, na skrini iruke. Kinazunguka vizuri lakini skrini haisogei? Basi tatizo ni waya, kiungio au sumaku, na huna haja ya kuendelea kusugua. Kiini kinaporudi kwenye ala, alama yake au mshale uelekee omo, mbele ya mashua.

Sasa rangi, ambayo ndiyo watu huanza nayo na ilitakiwa iwe ya mwisho. Rangi ya kuzuia uoto inayofaa kwa sensa ni ile inayochanganywa kwa maji, iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa. Rangi ya tumbo la mashua yenye vimumunyisho vya ketoni (jamii ya asetoni) itailainisha plastiki, na haitakwambia siku hiyo. Utaona baada ya miezi. Safisha, kausha, pitisha msasa laini kidogo, halafu paka safu moja nyembamba: kwenye uso wa ncha, kwenye ubavu wa kiini chini ya oringi ya chini, ndani ya kijishimo cha kigurudumu, kwenye mdomo wa ala, na ndani ya ala kutoka chini kupanda kama milimita 30. Hapo kwenye ala ndipo panaposahaulika, na ndipo vikombe vinapoanzia. Vijiko viwili vya chai vya rangi vinatosha kazi yote. Oringi na njia zake zisiguswe. Ekseli na tundu lake hapana kabisa. Mapezi, ukitaka, yapate ukungu wa rangi tu. Tone lililokaukia kwenye pezi moja hulifanya zito kuliko wenzake, na mwanya kati ya kigurudumu na ukuta ni mdogo hauna nafasi ya safu ya pili.

Kizibo nacho kipakwe, ncha na ubavu chini ya oringi. Kizibo kisichopakwa kikiachwa miezi mitatu huota mpaka kikashikana na ala, na siku ya kukitoa kinakuja na shida ile ile uliyoikimbia. Kila mwezi kivute, kifute, kirudishe. Watengenezaji husema rangi irudiwe kila miezi sita. Kwa hori zetu tunahesabu mitatu.

Wazee wa bahari wa Ulaya bado huzisifu rangi za zamani zilizokuwa na TBT, dawa yenye bati, na ni kweli zilikuwa hazioti kitu. Ziliua pia chaza na konokono wa baharini ambao hawakuwa wamegusa meli yoyote. Ufaransa ilizizuia kwa mashua ndogo tangu 1982 baada ya wafugaji wa chaza wa ghuba ya Arcachon kupata hasara, na mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku kwenye meli ulianza kazi mwezi Septemba 2008. Akikujia mtu na kopo la zamani lisilo na karatasi, mrudishie.

Mafundi wa majahazi wana deheni, chokaa na mafuta ya wanyama, inayopakwa chini ya jahazi likiwa limepwelewa ufukweni. Kwa mbao ni dawa nzuri na ya bei ya chini. Kwa kigurudumu cha plastiki ni gundi. Vaselini iliyopakwa kwenye mapezi nayo huondoka ndani ya siku chache na ikiwa bado ipo hunasa mchanga. Pilipili ya unga iliyochanganywa kwenye rangi wapo wanaoiapia. Sisi hatujaona tofauti ya kuihesabu, lakini inachekesha kumwona mpaka rangi akipiga chafya.

Marekebisho ya usomaji yafanyike baada ya kusafisha, kamwe si kabla. Kosa hili ni la kawaida kuliko linavyodhaniwa. Kipima mwendo kinasoma 4.6, GPS inasema 5.6, mtu anaingia kwenye mipangilio na kuongeza asilimia 22 mpaka namba zifanane. Mwezi unaofuata kigurudumu kinasafishwa, na mashua inayokwenda noti 6 sasa inaonyesha 7.3. Wote wanafurahi kwa wiki moja. Njia sahihi: kigurudumu kisafi, bahari shwari, injini kwenye mizunguko ile ile, nenda kwa mstari ulionyooka angalau dakika tano, geuka na urudi kwa mstari huo huo. Andika wastani wa GPS na wa kipima mwendo kila upande. Kwenda GPS 6.6 na kurudi 4.8, wastani wake ni 5.7, mkondo umejifuta wenyewe. Kipima mwendo kikiwa kimesoma 5.4 pande zote mbili, gawanya 5.7 kwa 5.4, unapata 1.06 hivi, na hiyo ndiyo namba ya kuingiza. Iandike mahali pamoja na tarehe. Ikianza kuhitaji kupanda tena, tatizo limo kwenye kigurudumu, si kwenye mipangilio.

Sensa zisizo na kigurudumu, zinazopima mwendo wa maji kwa mawimbi ya sauti, zipo sokoni. Airmar wanayo moja inayoingia kwenye tundu la milimita 51. Zinaondoa ekseli na vijimirija kwenye matatizo yako. Haziondoi ute, maana uso wake nao unaota na unahitaji kufutwa na kupakwa. Kama ala yako inazikubali na mfuko unaruhusu, zinafaa. Hazikuondolei kazi ya kizibo.

Mpiga mbizi anayekwangua tumbo la mashua aambiwe kabla hajajitosa mahali sensa ilipo, kwa kuhesabu hatua kutoka omo na upande gani wa mkuku, la sivyo mkwanguo wake utavunja pezi bila yeye kujua. Afadhali zaidi kizibo kiwe kimeshaingia kabla hajafika. Vivyo hivyo kabla ya mashua kubebwa kwa mikanda ya kreni, na kabla ya kuoshwa kwa mpira wa maji yenye nguvu. Kadi ndogo ining'inie kwenye ufunguo wa injini: upande mmoja KIZIBO, mwingine SENSA. Nayo igeuzwe na mkono ule ule uliobadilisha, pale pale.

Na ukiipweleza mashua ufukweni kwa bamvua ili kupaka rangi, toa sensa maji yakiwa bado yamejaa. Kigurudumu kinachungulia nje ya tumbo, na uzito wote ukikaa juu yake hapatakuwa na cha kusafisha. Halafu kuna mchanga. Pwani ya Mambrui na Ngomeni mchanga wake una chembe nyeusi za madini ya chuma, nazo huganda kwenye sumaku za mapezi kama manyoya, hazitoki kwa maji wala mswaki, zinahama tu kutoka pezi moja kwenda jingine. Zitoe kwa utepe wa gundi: kandamiza, bandua, kata kipande kipya, rudia mpaka utepe utoke mweupe.